Glaida za Rimoti na Upepo Mkali wa Vilimani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua na Kabla ya Kurusha

Glaida ya rimoti ni ndege ndogo isiyo na injini, inayoongozwa kwa mawimbi ya redio na mtu aliyesimama ardhini. Zipo glaida zilizoundwa mahususi kwa ajili ya miteremko ya vilima, ambako upepo pekee ndio unaoziweka angani. Hazitumii mafuta, hazina kelele za injini, na zile ndogo huuzwa pamoja na vitu vya watoto vya kuchezea. Kwa sababu hizo, wanunuzi wengi huzichukulia kuwa vitu vya kuchezea tu. Siku ya upepo mkali, hata hivyo, glaida iyo hiyo huweza kwenda kwa kasi ya gari la barabara kuu, na ikikosa kudhibitiwa hupiga chochote kilicho mbele yake.

Mwongozo huu unamlenga mnunuzi wa kawaida. Unaeleza jinsi upepo unavyoiinua glaida, maswali ya kumuuliza muuzaji, na vipimo vya kuchukua kilimani kabla ya chombo kuondoka mkononi. Jambo kuu la kukumbuka ni moja: upepo uleule unaoinua glaida ndio unaoweza kukupokonya. Kinachoamua ni kasi ya glaida ikilinganishwa na kasi ya upepo, na sehemu kubwa ya uamuzi huo hufanyika dukani.

JINSI UPEPO UNAVYOIINUA GLAIDA

Upepo unaokwenda sambamba na ardhi ukikutana na kilima hulazimika kupanda. Mbele ya mteremko, na juu kidogo ya ukingo wake, huwapo ukanda wa hewa inayopanda. Glaida daima hushuka ndani ya hewa inayoizunguka. Lakini hewa yenyewe ikipanda kwa haraka kuliko glaida inavyoshuka, glaida hubaki juu au hupanda zaidi. Hivyo mrushaji huitembeza kwenda na kurudi mbele ya kilima, bila kutoka ndani ya ukanda huo.

Elimu hii si ngeni. Tarehe 24 Oktoba 1911, Orville Wright alikaa angani kwa dakika 9 na sekunde 45 katika glaida iliyombeba yeye mwenyewe, juu ya vilima vya mchanga vya Kill Devil Hills, Carolina Kaskazini, Marekani. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba glaida ilikaribia kusimama mahali pamoja ikitazamwa kutoka ardhini. Jambo hilo linaonyesha uzuri wa upepo mkali na mpaka wake pia. Kasi ya upepo ikilingana na kasi ya glaida, chombo hakisogei mbele. Ikizidi, chombo hurudishwa nyuma huku pua yake ikiwa bado imeelekea kwenye upepo.

Nyuma ya kilima hali ni tofauti kabisa. Mabaharia wa pwani huutambua upande wa goshini, unaopokea upepo, na upande wa demani, uliokingwa. Katika kilima, upande wa demani si mahali pa utulivu. Hewa iliyovuka kilele huporomoka na kujizungusha kwa visulisuli visivyoonekana kwa macho. Glaida inayosukumwa huko hupoteza hewa inayopanda, hutupwa huku na huku, na mara nyingi humpotea mrushaji machoni kabla ya kuanguka.

KWA NINI UPEPO MKALI NI JAMBO JINGINE

Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne. Upepo wa mita 10 kwa sekunde una msukumo mara nne ya ule wa mita 5 kwa sekunde, na upepo wa mita 15 una msukumo mara tisa. Ndiyo maana mtu aliyezoea kurusha asubuhi katika upepo wa wastani hawezi kudhani kwamba alasiri, upepo ulipoongezeka "kidogo tu", kazi ni ileile.

Jambo la pili ni kasi ya glaida juu ya ardhi. Glaida inayokata hewa kwa mita 20 kwa sekunde, ikigeuka na kusukumwa na upepo wa mita 15 kwa sekunde, hupita juu ya ardhi kwa mita 35 kwa sekunde, yaani kilomita 126 kwa saa. Kadiri kasi inavyokua, ndivyo pigo linavyokuwa zito. Glaida ya kilo 2.5 inayokwenda mita 40 kwa sekunde hubeba nishati inayokaribia ile ya mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioangushwa kutoka urefu wa mita 4. Hakuna mzazi ambaye angemruhusu mtoto kusimama chini ya mfuko huo.

HESABU YA KUFANYA DUKANI

Sanduku la glaida huonyesha picha ya kuvutia na maneno kama "tayari kuruka". Kinachofaa kutafutwa ni tarakimu mbili: uzito wa glaida ikiwa tayari kurushwa, na eneo la mabawa yake. Gawanya uzito kwa gramu kwa eneo kwa desimita za mraba. Jibu ni mzigo ambao kila desimita ya mraba ya bawa hubeba.

Chukua mfano wa glaida ndogo ya povu la plastiki yenye gramu 800 na mabawa ya desimita za mraba 32. Mzigo wake ni gramu 25 kwa kila desimita ya mraba. Karibu na usawa wa bahari, bawa la kawaida lenye mzigo huo huacha kushikilia hewa linaposhuka chini ya takriban mita 6 kwa sekunde. Glaida nyingine ina gramu 2,400 na desimita za mraba 48. Mzigo wake ni gramu 50, na kasi yake ya chini kabisa ni takriban mita 9 kwa sekunde. Ya kwanza huelea vyema katika upepo mwanana, lakini katika upepo wa mita 12 kwa sekunde itahangaika kusonga mbele. Ikilazimishwa kwenda haraka kwa kuinamisha pua, hupoteza kimo upesi. Ya pili huanguka upesi upepo unapokuwa hafifu, lakini ina uwezo wa kubisha dhidi ya upepo mkali.

Glaida nzuri za mlimani huwa na nafasi ya kuwekea farumi, kama jahazi lisilo na shehena linavyotiwa farumi. Farumi ya glaida ni vipande vya risasi, chuma au shaba nyeupe vinavyofungwa imara karibu na kitovu cha uzito. Huongeza kasi, lakini kwa kiasi: ili kasi iongezeke kwa asilimia 20, uzito huhitaji kuongezeka kwa asilimia 44; ili kasi iwe maradufu, uzito lazima uwe mara nne. Kwa hiyo farumi haiwezi kuigeuza glaida ya upepo mwanana kuwa ya upepo mkali. Usikubali muuzaji akuambie vinginevyo. Usiongeze pia uzito unaozidi kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa kuwa bawa lilipimwa kwa kiwango hicho.

Wakazi wa nyanda za juu wana hesabu moja zaidi. Katika kimo cha mita 2,400, kama kilivyo kile cha Iten au karibu na vilele vya Ngong, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 20. Kasi zote za glaida hupanda kwa takriban asilimia 12. Iliyokuwa ikitua kwa mita 9 kwa sekunde pwani itatua kwa karibu mita 10 huko juu. Vijitabu vya watengenezaji wa nje kwa kawaida havimkumbushi mnunuzi jambo hili.

UIMARA WA MABAWA

Ukivuta ghafla kijiti cha rimoti ili kuinua pua, mzigo juu ya mabawa hutegemea kasi ya wakati huo. Glaida ikiwa katika kasi iliyo mara mbili ya kasi yake ya chini kabisa, mabawa huweza kubebeshwa hadi mara nne ya uzito wa chombo. Ikiwa mara tatu, hadi mara tisa. Hapo ndipo bawa dhaifu hukatika.

Muulize muuzaji iwapo ndani ya bawa mna mhimili, na umetengenezwa kwa nini. Mhimili wa nyuzi za kaboni unaoenea karibu bawa zima ni bora kuliko kijiti kifupi cha katikati. Shika ncha ya bawa na uipinde taratibu. Kisha ijaribu kuisokota. Bawa linalosokoteka kwa urahisi huweza kuanza kutetemeka lenyewe katika kasi kubwa, na mtetemo huo huvunja bawa kwa muda mfupi sana. Chunguza pia vibawa vya kugeuzia: visicheze wala kulegea vinaposhikwa.

Kwa anayeanza, povu linalorudi katika umbo lake baada ya kupigwa, liitwalo EPP, linafaa kuliko povu jeupe la kufungia bidhaa, ambalo hupasuka. Glaida za nyuzi za kioo na kaboni huenda kasi na hupendeza, lakini ni ghali, ni ngumu, na hujeruhi zaidi. Hizo ni za mtu aliyekwisha jifunza.

Ukinunua iliyotumika, tazama mahali bawa linapoungana na mwili, ukitafuta ufa au gundi ya matengenezo. Sogeza kila kibawa kwa rimoti na usikilize kama mota zake ndogo, yaani sevo, zinakwaruza. Betri iliyovimba isinunuliwe kwa bei yoyote. Rahisi, kama walivyonena wahenga, ni ghali.

REDIO NA BETRI

Rimoti nyingi za leo hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na hujitafutia njia iliyo wazi. Za zamani za megahezi 27, 35 au 72 hutumia njia moja iliyowekwa. Watu wawili wakiwasha rimoti za njia moja kilimani, glaida zote mbili huweza kupotea. Vifaa vya redio vinavyouzwa nchini Kenya hupaswa kuwa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Omba uthibitisho huo kabla ya kulipa.

Kila mara kabla ya kurusha, fanya jaribio la umbali kama kijitabu cha rimoti kinavyoelekeza. Hakikisha pia umepanga glaida itakavyofanya mawimbi yakikatika. Katika eneo lenye watu chini ya mteremko, ni salama zaidi glaida ijipange kushuka karibu kuliko kuendelea kupaa bila mwongozaji. Kumbuka kwamba upepo mkali hufanyisha sevo kazi nyingi, hivyo betri iliyodumu saa moja siku ya utulivu haitadumu hivyo siku ya upepo.

KILIMANI: PIMA, USIKADIRIE

Upepo wa bondeni hautoi habari za kileleni, kwa sababu hewa inayobanwa na kilima huongeza kasi ikivuka ukingo. Nunua kipima upepo cha mkononi na upime ukiwa umesimama ukingoni, kwa dakika kadhaa. Andika kasi ya kawaida na kasi ya juu kabisa ya mavumo ya ghafla. Uamuzi ufuate ile ya juu.

Asiye na kipimo aangalie dalili. Vijiti vidogo vya miti vikitikisika na vumbi na karatasi kuinuka, upepo ni kati ya mita 5.5 na 7.9 kwa sekunde. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba, umefika kati ya mita 8 na 10.7. Matawi makubwa yakitikisika, ni kati ya 10.8 na 13.8. Miti mizima ikiyumba na kutembea kwa kuukabili upepo kukiwa kugumu, ni mita 13.9 au zaidi. Kwa mtumiaji wa kawaida, dalili hiyo ya mwisho ni amri ya kurudi nyumbani. Anayejifunza asivuke mita 8.

Huenda ukasikia kwamba mashindano ya kimataifa ya glaida za mlimani, yaitwayo F3F, huruhusu upepo hadi mita 25 kwa sekunde. Ni kweli, lakini washindani hao hutumia glaida zenye mzigo unaoruhusiwa kufika gramu 75 kwa desimita ya mraba, katika eneo lililotengwa, chini ya waamuzi. Vilevile zipo picha za video za glaida zinazozunguka nyuma ya kilima kwa kasi ya ajabu. Mwezi Januari 2021, katika Parker Mountain, California, Spencer Lisenby alifikisha kilomita 882 kwa saa kwa njia hiyo. Njia hiyo hutumia tofauti ya upepo wa kileleni na hewa iliyokingwa upande wa demani, palepale ambapo mwongozo huu unakukataza. Ni kazi ya mabingwa, na glaida zao haziuzwi madukani mwetu.

Chagua upande kwa makini. Wageni wa Milima ya Ngong huvutiwa na mandhari ya Bonde la Ufa yaliyo magharibi. Upepo ukitoka mashariki, mandhari hayo mazuri yapo upande wa demani, wenye visulisuli. Anayerushia huko anarusha kwenye shimo. Geuka, ukabili upepo usoni, na urushe mahali ambapo upepo unaupiga mteremko moja kwa moja.

Tazama pia waliopo. Ngong ina watembeaji, mitambo ya umeme wa upepo na nyaya zake. Kwenye ukingo wa Elgeyo karibu na Iten huruka watu kwa miamvuli ya kupaa, na mwamvuli uliopigwa na glaida huweza kumwangusha mwenyewe. Wachungaji na mifugo hupita miteremkoni bila kujua kuna chombo juu yao. Wakiwapo, subiri. Mawingu meusi ya mvua yakikaribia, teremsha glaida mara moja: upepo wake hubadilika ghafla, na ukingo wa mlima si mahali pa kusubiria radi.

KURUSHA NA KUTUA

Rusha ukiwa na mwenzako: mmoja ashike rimoti, mwingine aitupe glaida kwa nguvu, pua ikiwa imeinama kidogo kuuelekea upepo. Mara tu inapoondoka, ipeleke mbele, mbali na ukingo. Kila kona igeukie upande wa upepo, kamwe isigeukie kilimani. Ukiona glaida imesimama au inarudi nyuma, usivute kijiti kuiinua, kwa kuwa hilo huipunguzia kasi zaidi. Inamisha pua na uilete chini, mbele ya mteremko. Ni afadhali itue vichakani upande wa goshini kuliko kuvushwa kilele.

Kutua ndiko kugumu kuliko yote. Kabla ya kurusha, chagua mahali pawili pa kutulia: uwanja wa kwanza, na wa akiba upepo ukizidi. Ikabilishe glaida kwenye upepo hadi iguse ardhi, na udumishe kasi hata inapokuwa chini, maana hewa ya karibu na ardhi hubadilika kila hatua. Mtu yeyote akiingia uwanjani, ipeleke glaida kando hata kama itavunjika. Bawa hununuliwa tena.

SHERIA, BIMA NA HAKI ZAKO

Kenya ina kanuni za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani ndani yake. Kabla ya kuagiza glaida kutoka nje, iulize Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), kwa maandishi, kama chombo hicho kinahitaji kibali cha kuingizwa nchini au kusajiliwa, na mahali kinaporuhusiwa kurushwa. Usitegemee maelezo yaliyomo sandukuni. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, glaida isiyofikia kilo 10 huruhusiwa kuwa zaidi ya mita 120 kutoka ardhini, mradi isipande zaidi ya mita 120 juu ya mrushaji, kwa kuwa mrushaji amesimama mlimani na bonde liko chini. Sheria hiyo ni ya huko. Kwa eneo la msitu, omba ruhusa ya Huduma ya Misitu. Uliza pia kampuni yako ya bima kama hasara utakayomsababishia mtu mwingine italipwa. Bima ya nyumba isidhaniwe kuwa inatosha.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya humpa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, habari za kumwezesha kuzitumia kikamilifu, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Muuzaji asiyeweza kukutajia uzito, eneo la mabawa na kikomo cha farumi hajakupa habari unazostahili. Tunza risiti. Piga picha za mabawa na viungo siku ya kununua, kabla ya kurusha, kwa maana baada ya ajali ni vigumu kuthibitisha kwamba ufa ulikuwapo tangu dukani.

MASWALI SABA KABLA YA KURUSHA

1. Je, nimepima mavumo ya juu kabisa ya upepo nikiwa ukingoni?
2. Je, glaida hii, kwa mzigo wake wa leo, huenda haraka kuliko mavumo hayo kwa kiasi kinachobakiza akiba?
3. Je, farumi imefungwa, na kitovu cha uzito kipo pale mtengenezaji alipoelekeza?
4. Je, betri za glaida na za rimoti zimejaa, na jaribio la umbali limefanywa?
5. Je, vibawa vinageukia upande ninaoamuru?
6. Je, mteremko na mahali pa kutua havina watu, mifugo wala nyaya?
7. Je, nina mahali pa pili pa kutulia?

Jibu la "hapana" kwa swali lolote lina maana moja: glaida irudi sandukuni kwa siku hiyo. Tahadhari kabla ya hatari. Upepo utavuma tena kesho, na mlima hauhami.